Bendera Iliyoshushwa Kushonwa

Mama Filimbi hakuzaliwa na jina hilo, lakini ukimtafuta kwa jina lake la kuzaliwa utazunguka mji mzima urudi mikono mitupu. Ni mlinzi wa ufuko, mwajiriwa wa manispaa, na kazi yake ni kukataza. Mbwa wasiingie mahali pa kuogelea. Boti zisivuke maboya. Mtu asiwashe moto mchangani, asichimbe mchanga wa kujengea, asiache chupa. Na chaza, hao ndio kilio chake kikubwa: wadogo wasing'olewe, asiye na kibali asiwaguse, na bendera nyekundu ikipepea, asiwaguse mtu yeyote, awe na kibali asiwe nacho.

Kutulia hajui. Mama huyu ni kiguu na njia. Ataanzia kwenye maboya, mara yuko kwenye mfereji, mara umemsikia anapuliza filimbi kule mwisho wa miamba, na huku hujamaliza hata kukunja suruali yako. Nyumbani anakula amesimama, ameegemea mlango wa jikoni, sahani mkononi, jicho dirishani. Mumewe ni fundi viatu, naye hulalamika kwamba hakuna mteja anayemchosha kama mke wake, maana kila akigeuka anakuta soli zake zimekwisha tena. "Wenzangu wameoa," husema, "mimi nimefuga mbio."

Sasa, habari ya bendera. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji yote ya mji humwaga uchafu wake baharini, na chaza hunyonya maji hayo hayo. Ukiwala siku hizo tumbo litakushughulikia vilivyo. Ndiyo maana bendera hupandishwa, na haishushwi mpaka afisa wa afya, ambaye watu humwita Bwana Afya tu, apime maji na kusema sasa ni salama. Upo na ubao wa matangazo wenye maelezo marefu, lakini nani ana muda wa kusoma ubao? Wanawake wanaong'oa chaza hutazama mlingoti. Ikiwepo bendera, wanarudi nyumbani. Isipokuwepo, wanashuka miambani. Hivyo ndivyo walivyozoea.

Katika wanawake hao alikuwamo wifi yake Mama Filimbi, dada wa fundi viatu. Mjane, mkono mwepesi, ulimi mkali. Chaza ndio waliowalea watoto wake, ndio waliowavalisha sare za shule. Zamani kidogo Mama Filimbi alimkamata na chaza wadogo, akawapitisha mmoja mmoja kwenye pete ya chuma ya kupimia, mbele ya watu wote, na jina likaandikwa manispaa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Sheria ya ufuko inasema mwenye kosa la pili ananyang'anywa kibali, na akishanyang'anywa hapewi tena mpaka aingie kaburini. Tangu siku hiyo wifi hakumsemesha wifi. Hata wakikutana kwenye chakula cha familia, yule mjane alimgeukia kaka yake: "Mwambie mkeo chumvi imezidi." Na Mama Filimbi hakunyamaza: "Mwambie dada yako asile."

Basi mvua ilinyesha, bendera ikapanda, upepo nao ukavuma kwa hasira mpaka ukaichana. Asubuhi moja Mama Filimbi akafika kazini akaikuta imebaki vipande viwili vinavyoburuzana mlingotini kama tambara la kudekia. Roho ikamchafuka. Mtu mwingine angesema aa, itaonekana tu hivyo hivyo. Yeye? Thubutu! Alitazama ufuko huku na huku, asione mtu. Akaishusha, akaikunja, akakata barabara mbiombio mpaka kwenye kibanda cha mumewe nyuma ya soko.

"Nishonee hii sasa hivi, kwa ule uzi wa viatu."

"Salamu zimekufa siku hizi?"

"Salamu jioni. Shona!"

Fundi akaweka kando kiatu cha mtu, akashona. Hakuuliza kitu, naye hilo atalitaja baadaye mara nyingi. Mama Filimbi alikuwa amesimama juu ya kichwa chake, anahamisha uzito mguu huu na huu, anasema haraka, haraka. Mwanamke huyu mwenye sheria zote kichwani hakukumbuka kitu kimoja, kwamba mlingoti mtupu nao unasema. Angetundika hata kilemba chake! Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zake asubuhi ile alikuwa amezifunga vizuri ndani ya kilemba hicho hicho.

Akarudi mbio, akaipandisha bendera, akarudi nyuma hatua chache aitazame. Ilikuwa imepona, inapepea vizuri, mshono hauonekani. Akafurahi. Hapo hapo likasimama gari la manispaa, akashuka Bwana Afya na chupa zake za kuchotea maji. Na hapo hapo, nyuma ya mwamba mkubwa, akatokea wifi, maji ya magotini, ndoo imejaa chaza mpaka juu.

Bwana Afya akatazama bendera. Akatazama ndoo.

"Mama, macho yako ni mazima?"

Yule mjane akageuka, akaiona bendera juu, akabaki ameachama. "Haikuwepo! Haki ya Mungu, nilipofika mlingoti ulikuwa mtupu!"

"Sijapata kumkamata mtu akaniambia ilikuwepo," alisema Bwana Afya. Wanawake wengine walikuwa wameanza kufika na ndoo zao tupu, wakasimama mbali wanaangalia. "Kwenu nyote bendera huwa haikuwepo. Labda huwa inakwenda kunywa chai." Mmoja wa wale wanawake akacheka, kisha akaona haya. Bwana Afya akamgeukia Mama Filimbi. "Wewe ndiye wa zamu. Bendera ilikuwa wapi?"

Mama Filimbi alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini, neno dogo tu, nilikwenda kuishona. Lakini aliuona ule uso wa mkubwa wake, akaiona na kazi yake, akawaona wale wanawake aliowapulizia filimbi miaka yote, sasa wote wameelekeza macho kwake.

"Si hiyo hapo juu," akasema.

Uongo haukuwa. Ilikuwa juu kweli. Lakini wifi yake alimtazama, na hakumtazama kwa chuki. Alimtazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Mama Filimbi hakumalizia.

Chaza wakamwagwa kwenye gunia la taka, wote, mbele ya watu. Kibali kikashikiliwa kwanza. "Mchana uje ofisini," Bwana Afya akamwambia yule mjane, "tumalize habari hii." Mjane akaondoka ameinama, ndoo tupu inamgonga mguu, na wale wanawake wakampisha njia. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Anataka kutuulia watu huyu."

Ee bwana we, asubuhi ile miguu ya Mama Filimbi ilimtesa. Alikwenda kwenye maboya akasahau alichofuata. Alipuliza filimbi kumkataza mbwa, kumbe ni ndoo nyeusi iliyolala ubavu. Alikwenda mpaka mwisho wa miamba, akarudi, akaenda tena. Alijiambia kwamba mjane yule si malaika, kosa la kwanza lilikuwa la kweli, mwenyewe alimpimia. Alijiambia watu wangekula chaza wale wakaugua, kwa hiyo heri walivyomwagwa. Yote hayo yalikuwa kweli na hakuna lililomsaidia. Mwisho akakata barabara, akaenda kwa mumewe.

Akamweleza. Fundi akasikiliza, nyundo mkononi.

"Kwa hiyo dada yangu atanyang'anywa kibali."

"Mchana huu."

"Kwa ajili ya ile bendera niliyoishona mimi."

"Ndiyo! Sasa nifanye nini?"

"Usiniulize mimi," akasema fundi. "Yule dada yangu, wewe mke wangu. Nikisema nyamaza, nimemuua yule. Nikisema sema, utafukuzwa kazi, uje unisimamie hapa kutwa nzima. Mimi nilishona tu, sikuuliza kitu."

"Mume gani wewe!"

"Mume anayeogopa." Akagonga msumari mmoja, akakosea, akajigonga kidole. "Na wewe acha kuzunguka, unanitia kizunguzungu. Unajua unachotaka kufanya. Umekuja hapa nikukataze tu."

Alitoka bila kuaga.

Ofisi ya manispaa ni chumba chembamba chenye feni inayozunguka kwa kulalamika, meza mbili, benchi moja la wenye makosa. Wifi alikuwa benchini, amevaa gauni la kuendea mjini, mikono imelala mapajani. Bwana Afya alikuwa mezani na karani wake. Mama Filimbi alisimama karibu na mlango.

"Hili ni kosa la pili," alisema Bwana Afya. "Una la kusema?"

"Nimeshasema," akajibu mjane. "Mlingoti ulikuwa mtupu. Sina jingine. Mimi nina watoto, bwana, nitakwenda kuiba chaza wa sumu niwalishe nani? Kama ningeiona bendera ningerudi nyumbani. Niliogopa kibali hiki kuliko ninavyoogopa maji."

"Sawa. Karani, andika."

"Asiandike," akasema Mama Filimbi.

Wote wakageuka. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kama mtu aliye kwenye boti.

"Bendera haikuwepo. Niliishusha mimi, nikaipeleka kwa mume wangu kuishona, ilikuwa imechanika. Niliporudi nikaipandisha bila kutazama nani yuko miambani. Huyu hana kosa. Asubuhi uliniuliza, nikakwepa. Niliogopa."

Feni ikaendelea kulalamika. Bwana Afya aliivua miwani yake, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Uliishusha bila ruhusa, wakati maji ni machafu?"

"Ndiyo."

"Unajua kwamba wangeshuka wote? Unajua mji mzima ungekuwa hospitali leo?"

"Najua. Tangu asubuhi najua."

Alimkaripia, na alikuwa na haki, kwa hiyo sitarudia maneno yake. Mjane alirudishiwa kibali chake. Mama Filimbi akaambiwa akabidhi filimbi na pete ya kupimia, na kuanzia kesho aende stoo ya manispaa kulinda majembe na mapipa ya rangi, kazi ya kukaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni, mpaka kikao kiamue vingine. Karani peke yake ndiye aliyemhurumia, akamwambia stoo ina dirisha.

Nje, jua lilikuwa kali. Mama Filimbi alikwenda kando ya wifi yake, hajui aseme nini, akasema tu, "Wifi, nisamehe."

Yule mjane akatembea kidogo. Halafu akasimama. Miaka yote ile, hili lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia uso kwa uso.

"Mle ndani walikuwa wawili tu," akasema. "Umenisafisha mbele ya watu wawili. Ufukoni walikuwepo wote. Walisikia ninaitwa muuaji, walinipisha kama mgonjwa wa ukoma, na wewe umesimama pale na filimbi yako. Kibali nimepata, asante. Kesho nikishuka miambani nitashuka na nani?"

Mama Filimbi alifungua mdomo.

"Usiniambie mimi," wifi akasema. "Mimi najua."

Akageuka akaanza kwenda zake. Mama Filimbi akasimama barabarani kidogo, kisha akakata kona, si ya nyumbani, ya ufukoni. Alikwenda karibu kukimbia, kama kawaida yake, ila safari hii miguu haikuwa inatafuta pa kwenda.

Maji yalikuwa yamekupwa. Wanawake wa chaza walikuwa wamekaa mchangani chini ya ukuta, ndoo zao kando, wanasubiri habari za Bwana Afya. Mama Filimbi akapandisha mikono juu, akaita.

"Jamani, njooni! Nina jambo!"

Loo! Walimwona anavyokuja kwa kasi ile, wakadhani sheria nyingine mpya imeshuka. Ghafla kila mtu akawa ana haraka. Mmoja akafunika ndoo yake tupu kwa kitambaa. Mwingine akaichukua na kuificha nyuma ya mgongo. Watatu wakaanza kupanda ngazi za kwenda barabarani bila hata kutazama nyuma.

"Sikamati mtu! Simameni!" Akaita tena, na mkono ukaenda shingoni kutafuta filimbi, ukakuta ngozi tupu. "Wifi yangu hakukosa! Ni mimi niliyeshusha bendera! Mnasikia? Ni mimi!"

Hawakusikia, au walisikia wakadhani ni mtego. Aliwapulizia miaka yote, nani amwamini leo? Akabaki anapiga kelele migongoni mwao, sauti inamkauka, machozi yanamtoka waziwazi, mtu mzima yule.

Ndipo juu ya ngazi akatokea wifi yake, gauni la mjini limeshikwa mkononi lisiburuze. Alikuwa amemfuata. Akawazuia wale watatu kwa kunyoosha mkono tu.

"Rudini mkamsikilize," akawaambia. "Leo aliyekamatwa ni yeye."

Wakarudi, mmoja mmoja, na ndoo zao. Mama Filimbi akajifuta uso kwa kiganja, akaanza upya, tangu bendera ilipochanika.