Yowe Nililopiga Uluguru

Kisa hiki hunitoa jasho mpaka leo, lakini kwa kuwa mke wangu ameshaanza kukisimulia kwa chumvi, afadhali mkisikie kwangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni Morogoro, nami nimejipatia viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, nikapanda navyo milima ya Uluguru (msiniulize). Tulikuwa watatu, mtaalamu wa udongo, daktari, na mimi mtu wa elimu ya jamii, tukitafiti jinsi vijiji vinavyojilinda na kustahimili majanga. Sasa kila tuliyemuuliza kama wanasaidiana alijibu, "Tunasaidiana sana," na mimi kwa ujuaji wangu nikasema hawa wanatupamba tu wageni, ngoja niwapime. Wenzangu wakiwa bado wanakunywa chai, nikaenda nyuma ya ofisi ya kijiji, nikatazama saa, nikapiga yowe.

Jamani, walikuja! Wakashuka kutoka mashambani na majembe, na mapanga, mama mmoja mikono imejaa unga, wote wanahema, na mwenyekiti, Mzee Mloka, akauliza, "Nani kafa?"

Nikatabasamu (nikikumbuka tabasamu lile natamani kujizaba kofi), nikasema, "Hakuna aliyekufa, wazee wangu, lilikuwa jaribio, na mmefaulu vizuri sana."

Kabla hawajanirukia, yowe jingine likapanda kutoka njia ya bondeni, sauti ya mwanamke, na safari hii hakuna aliyeinua mguu. Mtu mmoja akacheka: "Na huyo mmemweka nyie?"

Hatukuwa tumemweka mtu. Hapo mwanamume mmoja akashika kichwa. "Sauti ya mama mkwe hiyo! Tumemwacha Mwajuma kwenye machela!"

Mwajuma ni mkewe, ana uchungu wa kujifungua, walikuwa wanambeba kwenda zahanati. Waliposikia yowe wakamtua kando ya njia, wakamwachia mama yake, wakakimbilia kwangu, kwa sababu kule yowe likipigwa unaacha ulichoshika. Nimeua mtu, nikajiambia, nimeua watu wawili.

Tukateremka mbio, daktari wetu mbele, mimi na viatu vyangu nikateleza kwa makalio katikati ya migomba mpaka suruali ikachanika yote nyuma. Tulimkuta Mwajuma pembeni kabisa ya mteremko, mama yake kamkumbatia asiporomoke. Wanawake wakavua khanga zao za juu wakamzungushia, daktari akaingia humo, wanaume tuliobaki tukageuka nyuma, na mimi sikuwa hata na kitambaa cha kujisitiri, na sikuthubutu kuomba.

Mtoto alitoka, hakulia. Hakulia, jamani. Mume wa Mwajuma alinitazama tu, sitaki kutazamwa hivyo tena maishani. Kisha akalia, mtoto, na baba yake, na mimi.

Mama yake Mwajuma akanijia, khanga yake imelowa. "Shikamoo, mama," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mwanangu, ulitaka kujua nini mpaka ukashindwa kutuuliza?"

Tangu siku ile nimeapa sitampima mtu tena kwa kumtisha, na nikisikia kelele yoyote, hata ya mtoto wa jirani anayeogeshwa, natoka mbio peku, mnicheke tu.