Shikamoo ya Mkuu wa Karakana

Juni 1986 Wilaya ya Hanang ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara haukuwepo hadi mwaka 2002. Kwa hiyo vipuri vya shamba moja la ngano la serikali viliombwa Arusha mjini, na jibu la huko mara nyingi lilikuwa: subirini.

Mkuu wa karakana ya shamba hilo, Tadeo Sulle, kijana kutoka milima ya Mbulu, alitaka kitu kimoja: mavuno yaishe bila kombaini, mashine ya kuvunia, kusimama, apewe umeneja. Mtangulizi wake, Severine, alikunywa chai na mafundi na kuwaacha wajaribu watakalo. Ndivyo springi za malori mabovu zilivyogeuka visu vya kombaini. Tadeo aliona hiyo ni fujo. Akatangaza kwamba kila aingiaye ofisini mwake ataanza na shikamoo, awe na mvi au asiwe nazo.

Wenye mvi wakaacha kuingia. Tadeo akauita ukimya huo nidhamu, akajisifu nao kwenye vikao.

Ndani ya ukimya huo Gidahosh, fundi wa rika la baba yake Tadeo, alishona mkanda wa akiba wa kombaini kwa ngozi ya fahali, kwa mshono ambao mama yake alishonea sketi za ngozi. Hakuwa na hakika nao. Alitaka ujaribiwe kabla ya mavuno, lakini wa kumwambia alikuwa ofisini akisubiri kuamkiwa.

Ngano ilipokauka, mkanda wa zamani wa kombaini ukakatika. Arusha wakajibu kama kawaida yao. Tadeo akaenda bandani, mafundi wote wakitazama, akasimama mbele ya mzee.

“Nasikia una mkanda.”

“Marahaba,” akasema Gidahosh.

Benedikta wa stoo akajifunika uso kwa khanga.

“Sijakuamkia.”

“Nimeona. Nimeitikia mapema, usije ukachoka.”

“Mzee, hii ni kazi ya serikali.”

“Ndiyo, mwanangu. Nayo serikali ikija hapa huniamkia.”

Neno lenyewe Tadeo alimpa baba yake kila alipokwenda likizo, wala halikumpunguzia kitu. Mbele ya mafundi hakulitoa. Akarudi ofisini kuandika ombi jingine la vipuri. Ngano ikapukutika, ndege aina ya kweleakwelea wakanenepa, na mwaka ulipoisha Tadeo akapewa umeneja, kwa kusifiwa nidhamu ya karakana yake.

Gidahosh aliukata ule mkanda, akafungia ndama. Kama ungehimili mavuno au ungekatika siku ileile, haijulikani. Hakuna aliyeujaribu.