Buletini Iliyochomwa na Vita

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba vita ilichoma buletini zangu za shule, zile ripoti za pointi. Kwetu Nyamitaba ukisema hivyo hakuna anayeuliza zaidi. Wanakupa pole, wanakusogezea kiti. Na mimi nilikuwa nakaa kwenye kile kiti bila haya, naongeza kwamba mwaka wa tano wa sekondari nilipata asilimia sabini na nane. Binti yangu alipoleta hamsini na nane mwaka jana, nilimnunia siku mbili. Nikamwambia, "Mimi nilisomea kibatari, na bado nilikuwa wa pili darasani."

Mungu alinivumilia mpaka mwaka huu. Nafundisha shule ya msingi bila diplome, na direkta wetu, mkuu wa shule, aliniita akasema polepole kwamba nisipofanya Exetat, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, darasa langu litapewa mwalimu mwingine. Sawa. Nikaenda kujiandikisha kama mtu aliyejisomea nyumbani. Wakataka buletini ya mwaka wa tano, mwisho Ijumaa. Nikaanza wimbo wangu wa vita. Papa mmoja, mzee aliyekuwa anaandikisha, hakunipa pole wala kiti.

"Enda uombe duplikata kwa shule yako," akasema, yaani nakala mpya ya buletini.

Vita ilipofika kwetu, shule yangu ilikimbilia Mpofi, kule Walikale, ikabaki hukohuko. Nilikaa juu ya pikipiki siku nzima, mara tatu mimi na dereva tukashuka kuisukuma kwenye matope. Njia yote niliomba jambo moja tu: palmaresi, kile kitabu kikubwa cha pointi za wanafunzi wote, kiwe kimeungua kweli. Hapo wangeniandikia pointi kwa huruma, na mimi ningewasaidia kukumbuka.

Sekretere alikuwa mama yuleyule wa zamani, ila nywele zimekuwa nyeupe. Alinipa karatasi ya kuombea duplikata. Penye "sababu ya kupoteza" niliandika "vita", kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Akaingia ndani, akarudi amekumbatia palmaresi.

"Haikuungua?" nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Niliifunga ku mugongo kama mutoto," akasema. "Kutoka kule mpaka hapa, kwa miguu. Diplome yangu njo ilibakia mu nyumba. Ile iliungua."

Akafungua, akashusha kidole kwenye orodha, akasoma kwa sauti ya kanisani. Juni: asilimia arobaini na nne. Septemba, baada ya kurudia mtihani pamoja na wenzangu walioanguka: hamsini. Tabia: mbaya.

"Ulipita kwa dirisha, Papa," akasema.

Ile buletini niliipasua mwenyewe siku niliyopewa, nikaitupa chooni, miaka miwili kabla ya risasi ya kwanza kusikika kwetu. Na huyu mama aliacha diplome yake iungue ili mgongo wake ubebe hamsini yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikamwomba anirudishie karatasi. Nikakata neno "vita", nikaandika juu yake: "Niliipasua mwenyewe." Angeweza kuninyima, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Alisoma taratibu, akanitazama juu ya miwani.

"Bote banaandikaka vita," akasema. Kisha akavuta droo, akatoa muhuri.

Alhamisi jioni nilifika nyumbani na matope mpaka magotini. Kabla ya kuvua buti niliweka duplikata mezani mbele ya binti yangu. Aliisoma, akarudia kuisoma.

"Papa, njo hii vita ilichoma?"

"Njo hii. Ndiyo yenyewe."

Halafu akanisogezea kiti.