Karatasi Iliyomwondoa Mama Tatu Mezani

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na tatu yuko peke yake katika stoo ya hospitali, anachana mashuka makuukuu yawe matambara ya kupigia deki. Kabla ya kuchana, hulitandaza kila shuka magotini na kulipapasa mara tatu: kushoto, kulia, katikati. Mashuka haya yamekwisha kufuliwa na kukaguliwa. Hayana kitu. Mikono haitaki kusikia.

Ng'ambo ya ukuta mashine za kufulia zinanguruma. Huko ndiko alikokuwa kwa miaka kumi na sita, kwenye meza ya kupangua nguo chafu kutoka wodini. Na huko ndiko alikopewa jina la Mama Tatu.

"Wageni hudhani nina watoto watatu," anasema, macho yakiwa kwenye shuka. "Ninaye mmoja. Tatu ni hizi za mkono."

Wenzake walimcheka, wakasema anayabariki mashuka. Lakini ukutani, kando ya meza ile, kuna alama sitini na moja za penseli. Kila alama ni sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka na muuguzi mwenye haraka, akainasa yeye. Katika zamu yake hakuwahi kuchomwa mtu.

Alifanya kazi masikio ameyaziba kwa pamba. Mngurumo wa mashine, anasema, hauishii masikioni, unashuka hadi kwenye meno. Kumtazama mtu machoni humchosha kuliko kubeba marobota. Utotoni alichapwa, akidhaniwa ana kiburi. Ukubwani mume alimwacha, akatangaza mtaa mzima kwamba alikuwa ameoa gogo.

Jina la hali yake alilipata mwaka jana, shule ilipoagiza binti yake wa miaka tisa apimwe. Daktari alimaliza na mtoto, kisha akamgeukia mama, aliyekuwa akinyoosha pindo la gauni mara tatu, na tatu tena.

"Na wewe, mama, umewahi kupimwa?"

Baada ya ziara nne alitoka na karatasi yake. Imeandikwa usonji, na chini yake: ubongo wake si mgonjwa, umepangika kwa namna tofauti. Aliisoma akiwa amesimama getini, akalia.

"Si kwa huzuni," anasema. "Nilijiita mpumbavu miaka yote. Kumbe nina wenzangu."

Mama yake mzazi hakutikisika. "Sasa hilo jina utalifanyia nini, mwanangu? Utalivaa?"

"Nitalionyesha kazini, mama."

"Thubutu! Watu wale hawaonyeshwi kitu."

Alilionyesha. Mwezi wa pili mwaka huu lilitoka agizo kwamba ni marufuku kuziba masikio, ili kila mtu asikie kengele ya hatari. Mama Tatu akampelekea msimamizi karatasi, kuomba aachiwe pamba yake.

Msimamizi, mwanamume mpole mwenye funguo tele kiunoni, hafichi. "Nilisoma neno ubongo nikashtuka. Pale kuna sindano, kuna damu. Akianguka kifafa nitajibu nini?"

Amewahi kumwona akianguka? Anazichezea funguo. "Hapana. Lakini sasa nimejua."

Siku tatu baadaye barua ikafika: aondolewe mezani, kwa usalama wake, hadi jopo la madaktari liamue kama anafaa kazi. Posho ya mazingira hatarishi, robo nzima ya mshahara wake, ikaenda na meza. Jopo linakaa Jumatatu. Likisema hafai, hata stoo ataiacha.

Meza alipewa Kidosho, binti mcheshi, mkono mwepesi kama upepo. Wiki ya tatu sindano ikapenya glavu. Sasa anameza vidonge vya kujikinga na UKIMWI vya siku ishirini na nane, anatapika kila asubuhi, anasubiri kipimo.

"Nilikuwa namtania, Mama Tatu utazeekea kwenye shuka moja," anasema. "Siku hizi naiota ile mikono."

Juzi alimfuata stoo, akaketi sakafuni.

"Nifundishe, dada."

"Papasa. Mara tatu."

"Mbona tatu? Mbili hazitoshi?"

"Ya kwanza mkono unaogopa. Ya pili unazoea. Ya tatu ndiyo unaona."

Kidosho alijaribu. Hakucheka.

Nyumbani, katika chumba chao kimoja, Mama Tatu anajiandaa kwa Jumatatu. Binti yake amekalia ndoo iliyopinduliwa. Yeye ndiye jopo.

"Nitazame machoni, mama."

"Nakutazama."

"Unatazama sikio!"

Wanacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Kisha mama anarudia maneno aliyoyaandika nyuma ya barua ile ile iliyomwondoa: "Naomba meza yangu na pamba yangu. Kama mna shaka, fungeni sindano ndani ya shuka, mnipe, mnipime kwa hilo."

Huo ndio mpango wake wote. Shuka amekwisha kulikunja, liko ndani ya mfuko mlangoni.

Binti anafungua begi la shule na kutoa karatasi nyingine, yenye mhuri ule ule wa daktari, yenye neno lile lile.

"Mwalimu bado anaidai yangu. Nimpelekee kesho?"

Mama anaipokea. Anaipapasa kushoto, kulia, katikati. Anaikunja, anaisukuma chini ya godoro.

"Tusubiri kwanza Jumatatu, mwanangu."