Aliyeutunga Wimbo wa Taifa

Kila ninapomwagia maji uwanja wangu hapa Ngokolo kabla ya kufagia, harufu ya vumbi lililolowa hunirudisha darasa la kwanza kule Kharumwa, kwenye sakafu ya udongo tuliyoinyunyizia maji asubuhi.

Mwalimu wetu, mama mrefu mpole, alikuwa akitufundisha wimbo wa taifa. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, ningi wake ni nani?"

Kwetu Wasukuma, ningi ndiye mtunzi, na wimbo usio na ningi hatuujui. Wenzangu wakacheka. Wimbo wa serikali nao una ningi?

Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini.

"Aliyeutunga mwanzoni alikuwa mwalimu, mbali huko kusini mwa Afrika. Aliwatungia wanafunzi wake. Ukasafiri midomoni mwa watu mpaka kwetu, nasi tukautia maneno yetu."

Tukamkodolea macho. Mwalimu! Mtu kama huyu wetu, mwenye chaki mpaka kwenye nyusi!

Kesho yake mstarini, tulipomaliza kuuimba, tulimpigia yule ningi vigelegele, kama ilivyo desturi yetu Wasukuma wimbo wa ningi unapoisha. Mwalimu mkuu akageuka kwa hasira. Akamkuta mwalimu wetu amesimama wima, mikono ubavuni, anapiga kigelegele kirefu kuliko vyetu vyote.