Ujumbe Kutoka Kiti cha Nyuma

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, tukitoka mjini kurudi nyumbani Loresho. Dadangu alikuwa akiendesha gari la mama. Binamu yetu alikaa mbele, mahali pangu, na wakacheka njia nzima kana kwamba sipo. Wivu ukanikaba. Mimi huona haya kusema, hata nyumbani humwandikia dada kwa simu. Basi nikamwandikia hapo hapo nyuma: "Siku hizi una dada mpya?"

Simu yake ikalia. Akaisoma, akaanza kunijibu kwa kidole gumba. Gari likaenda upande, likamwelekea mzee aliyesukuma mkokoteni wa kabichi. Mzee akarukia mtaroni. Kioo cha pembeni kikavunjikia kwenye mkokoteni.

"We msichana, unaendesha ama unachati?" mzee akauliza, akijipangusa matope.

Nyumbani dada alimwambia mama, "Nilizubaa tu." Hakunitaja. Mama akamnyang'anya ufunguo wa gari. Hata moyo wake huo wa kunificha niliuonea wivu.

Asubuhi, kabla ya kanisa, nilimpelekea mama simu yangu jikoni, nikamwonyesha ule ujumbe na saa niliyoutuma, dada akiwa bado kwenye usukani.