Pua ya Bi Nicanora

Ziwa la Texcoco limetangazwa kufa mara nyingi, na kila mara mdudu wake hakupelekewa taarifa ya msiba. Mvua ikinyesha, maji ya chumvi yakatanda juu ya tope, yeye hurudi: mdogo kuliko punje ya mpunga, miguu ya nyuma kama makasia, akipanda juu kuvuta hewa na kuzama tena. Hutaga juu ya chochote kilichotulia majini. Kwa hiyo wanawake wa ukingoni hufunga matita ya nyasi, huyasimika kwa safu ndani ya maji ya magotini, na kungoja. Mayai hayo, ahuautle, hupukutwa, huanikwa, hupepetwa, kisha huhifadhiwa mpaka Juma Kuu, yakaangwe kwa mayai ya kuku na kuogeshwa mchuzi wa nyanya za kijani. Nyumba isiyo na ahuautle siku ya Ijumaa Kuu hula kama nyumba nyingine yoyote ya dunia, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Nicanora Xolalpa alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyempa na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya: kuitaja siku. Tita likitolewa mapema, mayai ni haba. Likichelewa, yamekwisha kuanguliwa, na mwenye tita hurudi nyumbani na makapi. Nicanora alilinyanyua tita, akalipeleka puani, akafumba macho kama anayesali, kisha akasema "bado" au "toeni". Mama yake alifanya vivyo hivyo. Tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuwahi kukosea.

Mwaka ule alikosea. Katika mavuno ya kwanza alisema "bado" mara moja zaidi ya ilivyostahili, na walipopepeta, upepo ukachukua karibu yote. Maganda matupu. Watu wakalilaumu jua. Nicanora naye akalilaumu, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ukweli ni kwamba homa iliyopita nyumba kwa nyumba kabla ya mvua ilikuwa imeondoka na pua yake, na ulimi nao ukapoteza ladha. Kahawa ikawa maji ya moto, sabuni ikawa jiwe. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba pua, kama mke aliyekwenda kwao kwa hasira, ingerudi yenyewe bila kubembelezwa.

Aliyegundua ni Maricruz, mke wa mwanawe, binti wa milimani ambaye ukingoni walimwita "Kuni" kwa sababu kwao huuza kuni. Siku moja maharage yaliungua chunguni, na Nicanora ameketi pale pale, amelipa jiko kisogo, akifunga matita.

"Mama, maharage."

"Yana nini?"

Maricruz alimtazama. "Yameiva," akasema. Akaepua chungu, akaenda nyuma ya nyumba kukikwangua kwa mchanga.

Mvua zilipokoma, maji yakaanza kurudi nyuma, na bata wa kaskazini wakaanza kushuka makundi kwa makundi kuwafuata wadudu. Zilibaki safu za mwisho za msimu. Zikiharibika hizo, Juma Kuu lingefika na hakuna nyumba hata moja ukingoni yenye ahuautle ya kukaanga. Asubuhi ya kupima, watu walisimama kandokando ya maji na ndoo na mashuka, wakimngoja Nicanora.

"Shemeji, sema basi!" alipiga kelele Abundio, mdogo wa marehemu mumewe. "Au pua imekwenda likizo?"

"Yako ikienda likizo, Abundio, uso utabaki na nini?"

Watu wakacheka. Abundio, ambaye pua yake kweli ilimtangulia kila alikokwenda, hakunyamaza. "Mimi nilisema tutie samaki humu, tuachane na wadudu. Samaki huna haja ya kumnusa. Unamwona, unamla."

"Kama walivyotia kwenye bwawa la barabarani? Samaki wakawamaliza wadudu, ukoga ukakosa wa kuula, maji yakawa kijani kama supu iliyochacha. Siku hizi bata wanapita juu bila kutua, na mbu ndio wenyeji. Nenda kavue huko, utuletee mbu wa kukaanga."

Alisema hayo huku akiingia majini, mgongo umenyooka. Alilijua ziwa, hilo halikuwa limeondoka na homa. Alinyanyua tita la safu ya karibu, akalipeleka puani, akafumba macho. Pua haikumwambia kitu. Nyasi zilikuwa na baridi juu ya midomo yake, basi. Akaweka chembe chache kati ya meno; zikasagika kama mchanga. Akaenda safu ya mbali, akarudia. Zikasagika vilevile. Alikumbuka kwamba yai likikaribia kuanguliwa hutoa nukta nyekundu za macho, lakini macho yake mwenyewe yalikuwa hayaoni tena vitu vya ukubwa huo.

Angeweza kubahatisha. Yakitoka makapi, jua lilikuwa lingalipo la kulaumiwa. Lakini jua la Oktoba lilikuwa pole, na kulisingizia mara mbili ni kulionea.

"Maricruz," aliita. "Njoo humu."

Maricruz alikunja sketi, akaingia. Nicanora akampa tita la safu ya karibu. "Nusa. Sema unachosikia."

"Tope," alisema Maricruz. "Tope na... nguo iliyosahaulika mvuani."

"Na hili la mbali?"

Maricruz alinusa, akanusa tena. "Uduvi. Kama uduvi uliokauka vizuri."

"Hiyo ndiyo harufu yenyewe. Safu ya mbali toeni leo," alisema Nicanora. "Ya karibu, bado."

"Toka lini," alisema Abundio, "Kuni akapimia watu ziwa?"

"Toka leo. Pua yangu haisikii kitu tangu ile homa. Na mavuno ya kwanza niliyapoteza mimi. Jua halikuwa na kosa."

Alisema kama anayetaja bei ya chumvi. Watu walitazamana. Hasira ilikuwapo, kwa kuwa hasara ilikuwapo, na pengine ingepata mdomo wa kuisema kama Abundio hangepiga paja.

"Kumbe ndiyo sababu ulisifu mchuzi wa mke wangu!"

Hata mkewe alicheka, akamrushia tope.

Waliitoa safu ya mbali, wakaacha tita moja limesimama kama iliyo desturi, fungu la ziwa lenyewe: bila hilo, ni nani angetaga mwakani? Adhuhuri Maricruz alirusha ungo wa kwanza. Upepo ukachukua vipande vya nyasi. Mayai yakapanda, yakameta, yakarudi kwenye ungo na mlio wa mvua nyepesi. Nicanora aliusikia mlio huo akiwa ukingoni, na hakuhitaji kugeuka.

Ijumaa Kuu alikaanga mwenyewe. Alimega andazi la kwanza la ahuautle, akatafuna: mafuta, moto, na chembe zinazopasuka. Akamwekea mkwewe la pili juu ya mkate wa mahindi.

"Haya, niambie."

"Uduvi," alisema Maricruz, mdomo umejaa. "Na ziwa kidogo." Akasita. "Mama, chumvi imezidi."

"Imezidi sana?"

"Sana."

"Vizuri," alisema Nicanora, akamsogezea kibuyu cha chumvi. "Kuanzia sasa, hiki kikae kwako."